Shamba la Kahawa Lisihamie Jangwani

Mwandishi mwenzetu aliyedai kwamba lugha za alama, yaani XML na jamaa zake, ni mzigo usio na faida katika kupelekeana taarifa baina ya programu, na kwamba orodha iliyotenganishwa kwa mikato yatosha, ameisahau nusu iliyo nzito ya kazi yenyewe, nayo ni ufahamu wa yule apokeaye.

Na tuitazame kahawa ya Karagwe na Kyerwa, ambayo iuzwapo katika Umoja wa Ulaya, kwa kanuni iliyopitishwa na Umoja huo mwaka 2023, yatakiwa kufuatana na vipimo vya mahali lilipo shamba ilikovunwa. Shamba lililo karibu na Kayanga huandikwa latitudo -1.5 na longitudo 31.1; katika faili ya GPX, iliyo mojawapo ya jamaa za XML, kila tarakimu hubeba jina lake, hata msomaji aliye Hamburg hana haja ya kubahatisha. Lakini ziandikwapo tupu, karani akizigeuza kwa ghafula, shamba lile huhamia jangwa la Algeria, wala programu haitanung'unika, maana vipimo vyote viwili ni halali.

Uzito wa alama siukanushi, hasa mtandao ulegeapo katika vilima vya Kyerwa; walakini maneno yanayojirudia ndiyo yabanikayo kwa wepesi faili inapofinywa, na gharama isaliayo ni hafifu mno mbele ya mkulima anayekataliwa robusta yake kwa kosa asilolitenda. Namwomba mwenzetu, basi, abainishe ni kitu gani katika orodha yake kitakachomwongoza mpokeaji, mstari wa vichwa ukishapotea njiani.