Kipimo kikisema "safi", kiulize kimepima nini

Wadau, ukinunua mchicha unafanyaje? Unageuza majani, unanusa, unabisha bei kidogo, unalipa. Maji ya kisima yakiwa meupe, unachota. Basi! Hapo tumemaliza ukaguzi. Tatizo ni kwamba sumu ya wadudu haisubiri macho yetu iione.

Watu wa Sofu, na Kibaha kwa jumla, wana sababu ya kulijua hili kuliko wengi. Mwaka 1986 kulikuwa na tani 170 za viuatilifu katika banda la shamba la Vikuge, hapo hapo Kibaha. Ulikuwa ni "msaada" wa serikali ya Ugiriki, na sehemu yake ilikuwa imeshapitwa na wakati! Banda likaanguka, sumu ikamwagika ardhini. Baadaye mabaki yakasombwa na eneo likahesabiwa kuwa limesafishwa.

Kumbe wapi. Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden walipima, na mwaka 2004 wakachapisha majibu: udongo wa juu karibu na lilipokuwa banda ulikuwa na DDT na masalia yake hadi asilimia 28. Yaani penye sumu nyingi zaidi, katika kilo moja ya udongo, zaidi ya robo kilo ni DDT na masalia yake. Masalia yalionekana hata kwenye maji ya kisima.

Sisemi maji ya Sofu yana sumu. Nasema hakuna anayeweza kukuambia kwa kuyatazama tu.

Habari njema ni kwamba teknolojia imekwenda mbele. Unakijua kile kipimo cha kisukari cha tone la damu? Kinafanya kazi kwa umeme mdogo unaotokana na kemia. Watafiti duniani wametengeneza vifaa vya aina hiyo kwa ajili ya viuatilifu. Kwenye elektrodi wanapaka kimeng'enya kinachofanana na kile kinachosaidia mishipa yetu ya fahamu. Sumu za jamii ya oganofosfeti, ambazo wakulima wengi hupulizia mboga, hukizuia kimeng'enya hicho kufanya kazi, umeme unapungua, na unapata jibu ndani ya dakika chache. Wengine wanatumia mwanga: leza inapigwa juu ya ganda la nyanya lililowekwa chembe ndogo mno za fedha, na kila kemikali inarudisha mwanga kwa namna yake, kama alama ya kidole.

Vizuri sana. Ila hapa ndipo penye mtego. DDT haikizuii kimeng'enya kile. Chukua kipimo hicho cha haraka, kipeleke Vikuge, kinaweza kukujibu "safi" huku umesimama juu ya sumu! DDT na ndugu zake wanahitaji kutafutwa kwa njia nyingine, hasa mashine ya kromatografia ya gesi, ambayo ni ghali na inataka mtaalamu na umeme usiokatika-katika.

Kwa hiyo tunahitaji vyote viwili. Vipimo vidogo viwe sokoni kuchuja mboga kila siku, na kinachotiliwa shaka kipelekwe maabara. Visima vya maeneo yenye historia kama ya Kibaha vipimwe kwenye mashine kubwa, kwa ratiba, na kwa kutaja sumu inayotafutwa. Mamlaka tunazo: TPHPA kwa viuatilifu, TBS kwa usalama wa chakula, Mkemia Mkuu wa Serikali kwa uchunguzi wa maabara. Majibu yabandikwe ofisi ya kata, kwa Kiswahili, yasibaki kwenye mafaili na majarida ambayo mama wa Sofu hatayasoma milele.

Najua watakaosema kutangaza majibu kutawaharibia wakulima soko. Mimi naona kinyume. Leo mkulima anayesubiri siku zinazotakiwa baada ya kupulizia anauza bei ile ile na yule aliyepulizia jana. Ukimya unamlinda nani hapo?

Kibaha inajaa. Viwanja vinauzwa, nyumba zinapanda, visima vinachimbwa. Ukienda kununua kiwanja unauliza hati, barabara na umeme. Ongeza swali moja: maji ya hapa yamepimwa lini, na yalipimwa nini?

Au nyie mnaonaje?