Mchezo wa mstari mmoja kwenye simu: jibu la kununuliwa halimfundishi mtoto

Wakati wa vakansi kubwa, simu ya mzazi haikai tena mfukoni mwake. Lubumbashi kama Bukavu, Kisangani kama Kalemie, watoto wanaiomba tangu asubuhi ili wacheze. Kati ya michezo inayoshika vichwa vyao kuna ule wa kuchora kwa mstari mmoja. Simu inaonyesha umbo la nukta na mistari. Mchezaji anaweka kidole kwenye nukta moja, kisha anapita juu ya mistari yote bila kuinua kidole na bila kurudi kwenye mstari aliokwisha kuupita.

Ngazi za kwanza ni rahisi. Mbele kidogo mtoto anakwama. Hapo programu inamletea kitufe cha msaada: tazama kwanza tangazo la biashara, halafu upewe jibu. Tangazo ni video, na video inakula mega za baba. Mstari unajichora wenyewe, mtoto anapanda ngazi inayofuata, lakini hakuna kilichobaki kichwani.

Wazazi wengi wakiona mega zimeisha wanakata kauli kwamba mchezo wenyewe ni mbaya, wanamnyang'anya mtoto simu. Hasira yao inaeleweka, kwani franka za kununua mega zingeweza kununua unga. Hata hivyo hukumu hiyo inapita kando ya kosa. Ugumu wa mchezo ndio faida yake. Kinachoharibu ni kile kitufe kinachouza jibu.

Tena mchezo huu si mgeni katika nchi hii. Mwanzoni mwa karne ya 20, Emil Torday, mtafiti kutoka Hungaria, alifika Kasai kwenye ufalme wa Wakuba. Huko aliwakuta watoto wa Wabushong wameketi chini, wanachora mchangani maumbo yenye mistari mingi inayopishana, bila kuinua kidole na bila kurudia mstari. Walimpa naye ajaribu. Alishindwa, na watoto wakafurahi sana kumwona mgeni mkubwa ameshindwa. Jambo hilo alilisimulia katika kitabu alichokitoa mwaka 1925. Mwaka 1973, Claudia Zaslavsky, mwalimu wa hesabu wa Marekani, aliwataja watoto hao katika kitabu chake juu ya hesabu za Afrika. Watoto wa Kasai hawakuwa na kitufe cha msaada. Walikuwa na mchanga, muda, na wenzao wa kuwacheka wakikosea.

Siri ya mchezo ni fupi, na mwanafunzi wa shule ya msingi anaweza kuielewa. Achore nyumba: mraba, mistari miwili inayokatizana ndani kutoka pembe hadi pembe, na paa la mistari miwili juu. Jumla ni mistari minane. Akianzia juu ya paa atakwama kila mara. Akianzia kwenye pembe moja ya chini, atafaulu akienda kwa uangalifu, naye atamalizia kwenye pembe nyingine ya chini.

Kwa nini? Ahesabu mistari inayokutana kwenye kila pembe. Kila mara kidole kinapoingia kwenye nukta kisha kikatoka, kinatumia mistari miwili. Kwa hiyo nukta yenye mistari miwili au minne haina shida. Nukta yenye mistari mitatu inabakiza mmoja bila mwenzake: lazima safari ianzie hapo au iishie hapo. Pembe mbili za chini ndizo zenye mistari mitatu. Sasa aondoe paa. Pembe zote nne za mraba zinabaki na mistari mitatu kila moja, na safari moja haiwezi kuwa na mianzo na miisho minne. Umbo hilo halichoreki, hata mtu akijaribu mpaka usiku.

Mwaka 1736 Leonhard Euler, mtaalamu wa hesabu kutoka Uswisi, alitumia hoja hiyo kuhusu madaraja saba ya mji wa Königsberg. Alionyesha kwamba hakuna anayeweza kuyavuka yote kwa matembezi mamoja bila kurudia daraja. Kutokana na swali hilo lilizaliwa tawi la hesabu ambalo leo linasaidia kupanga njia za magari na mitandao ya simu.

Mtoto aliyekwama nusu saa, akahesabu, akagundua mwenyewe kwamba pembe ya mistari mitatu ndiyo mlango, amepata kitu ambacho hata simu ikiibiwa hakitapotea. Aliyetazama matangazo kumi amepata picha kumi za majibu. Atakapokutana na umbo la kumi na moja, ataanza tena kutafuta kitufe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, wazee walisema. Anayeinamiwa na mwingine hatajua kilichomo mvunguni.

Shule zenyewe zinajua ugonjwa huo. Mwanafunzi anayenakili jibu la mwenzake anaanguka siku ya mtihani wa serikali, kwa sababu siku hiyo swali linabadilika. Hesabu inahitaji mtu aliyezoea kukwama bila kukata tamaa, na mchezo mgumu unampa mazoezi hayo huku akicheka.

Basi kuna mambo matatu yasiyogharimu pesa nyingi. Mzazi azime intaneti kabla ya kumpa mtoto simu: mingi ya michezo hii inachezwa bila mtandao, na bila mtandao tangazo haliji. Aweke saa, kisha mtoto akirudisha simu amwulize swali moja tu: umefauluje? Asiyeweza kueleza arudi kujaribu.

Mwalimu wa hesabu achukue chaki, achore nyumba ile ubaoni. Shule isiyo na umeme wala kompyuta inaweza kuutoa mchezo wote kwenye simu na kuurudisha mchangani, ulikokuwa zamani.

Nao vijana wa Kongo wanaosoma kutengeneza programu wana kazi inayowangoja. Maumbo ya Wabushong yapo kwenye vitabu. Yanaweza kuingia kwenye simu pamoja na maelezo kwa Kiswahili, Lingala, Kikongo na Kiluba, na mahali pa kitufe cha kuuza jibu pakawekwa swali dogo: umehesabu mistari ya pembe hii?

Torday alishindwa mbele ya watoto wa Kasai kwa sababu wao walikuwa wamefanya mazoezi na yeye hakuwa ameyafanya. Itakuwa aibu vitukuu wao wakilipa mega ili waonyeshwe njia ambayo mababu zao waliijua kwa kidole.