Mzee Darasani Si Kioja

Mwezi wa Januari 2004, Mzee Kimani Maruge, mwenye umri wa miaka 84, aliingia darasa la kwanza katika Shule ya Msingi Kapkenduiywo, Eldoret, akiwa amevaa kaptula na soksi ndefu kama wanafunzi wenzake. Picha zake zilienea duniani, na mwaka 2005 alikwenda New York kuitetea elimu ya bure. Watu walifurahi. Wengi walicheka pia, na kicheko hicho ndicho tunachotaka kukizungumzia.

Mzee yule hakutafuta sifa. Alisema wazi kwamba alitaka kuisoma Biblia kwa macho yake mwenyewe, na kwamba alitaka kujua kuhesabu fedha zake. Katika darsa za misikitini mwetu mzee wa miaka 70 huketi chini mbele ya shehe aliye umri wa mwanawe, wala hapana anayecheka. Kwa nini basi tucheke anaposhika kalamu? Wala hapana sababu ya kudhani kwamba hamu ya elimu ilimzukia uzeeni. Kilichobadilika ni kwamba Serikali ya Kenya ilifuta karo ya shule za msingi mwaka 2003. Mlango ulifunguliwa, mzee akaingia. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007 zilimfukuza kwake, na bado hakuacha masomo. Alifariki mwaka 2009.

Wapo waliopinga wakisema anachukua nafasi ya mtoto. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, kwani madarasa yalikuwa yamefurika. Lakini jibu lake ni kumtafutia mzee darasa lake, si kumfukuza. Hapa Tanzania jambo hilo liliwahi kueleweka. Mwaka 1964 Mwalimu Nyerere alieleza kwamba ingechukua miaka mingi kabla elimu ya watoto haijalifaa taifa, hivyo hapana budi kuanza na watu wazima. Mwaka 1970 ukafanywa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wakulima walisoma baada ya jembe, baadhi yao wakifundishwa na vijana waliomaliza darasa la saba. Wasiojua kusoma na kuandika, ambao mwaka 1967 walikuwa asilimia 67, walihesabiwa kuwa chini ya asilimia 10 mwaka 1986. Tarakimu za kampeni hupenda kunenepa kidogo, lakini kazi ilifanyika. Kisha uchumi uliyumba, fedha zikapungua, na Sensa ya 2012 ikakuta watu wazima karibu 22 katika kila 100 hawajui kusoma.

Leo mama wa miaka 60 hupokea fedha za mazao yake kwa simu, na kwa kuwa hawezi kusoma ujumbe, humkabidhi mjukuu simu pamoja na namba ya siri. Akitaka kujifunza, aende wapi? Ofisa wa elimu ya watu wazima yumo katika orodha ya watumishi wa wilaya. Tunamwomba atutajie, kata kwa kata, madarasa yake yako wapi na hufunguliwa saa ngapi.