Umepimwa? Sawa, lakini umepimwa nini?

Manze, kuna swali tunapenda kuulizana kabla mambo hayajafika mbali: "Umepimwa?" Kila mtu anajua linamaanisha ukimwi. Ukisema uko sawa, basi, maisha yaendelee. Hata mimi nilikuwa hivyo mpaka beshte yangu akaenda kuchangia damu.

Nia yake kusema kweli ilikuwa soda na biskuti. Baadaye akapigiwa simu arudi. Damu yake ilipatikana na hepatitisi B, yaani homa ya ini aina ya B. Msee hakuwa na dalili yoyote. Alikuwa anacheza boli kila Jumamosi. Akatuambia sisi mabeshte wake, na swali letu la kwanza likawa amelala na nani. Alafu mimi, naona haya kusema, nikaanza kumtengea kikombe.

Huo ndio ujinga naongelea. Hepatitisi B haipiti kwa kikombe, sahani, kukumbatiana wala kukohoa. Inapita kwa damu, kwa ngono bila kinga, na kutoka kwa mama hadi kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Mtu mzima akiipata, mara nyingi mwili wake unaishinda. Mtoto mchanga akiipata, mara nyingi inakaa naye maisha yote. Kwa hivyo huenda beshte yangu amekuwa nayo tangu siku aliyozaliwa, na sisi tulikuwa tunamhukumu kwa usherati.

Na si homa ya manjano. Hiyo inaletwa na mbu, na chanjo yake haikukingi na hii.

Kama unataka kitu cha kuogopa, ogopa wembe wa kushare, sindano ya tatuu iliyotumika kwa mwingine, mswaki wa kuazimana, na ile usiku mpira unasahaulika. Virusi hivi vinaweza kukaa nje ya mwili siku 7 na bado viambukize. Vinakula ini polepole, miaka na miaka, mpaka linajaa makovu au linapata saratani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka wa 2022 watu milioni 254 walikuwa wanaishi na hepatitisi B ya kudumu.

Kinachoniuma ni kuwa chanjo ipo! Kenya ilianza kuwapa watoto mwaka wa 2001, ndani ya ile sindano ya Penta ya wiki ya 6, 10 na 14. Kama ulizaliwa kabla ya hapo, kuna uwezekano mkubwa hukuipata. Kama ulizaliwa baadaye, usikisie. Pigia mathe simu leo, umwambie atafute kadi yako ya kliniki, ile anaweka kwa karatasi ya nailoni pamoja na cheti cha kuzaliwa. Angalia kama Penta zote tatu zimejazwa.

Hazijajazwa, au kadi ilipotea? Nenda upimwe. Ukipatikana huna, unachanjwa mara tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na mwezi wa sita. Wengi wanapigwa ya kwanza alafu wanapotea. Ukipatikana nayo, si mwisho wa dunia. Hakuna dawa ya kuimaliza kabisa, lakini zipo za kuituliza, na daktari atakuambia kama unazihitaji.

Najua utasema chanjo ya watu wazima inalipiwa. Sehemu nyingi ni kweli, na mimi naona si haki. Mtoto anapata bure, lakini kijana wa miaka 22 asiye na kazi anaambiwa atoe mfukoni. Tuidai kwa sauti, kwa vyuo na kwa kaunti zetu. Lakini tukingoja, ini halingoji.

Mimi nilipimwa, sina. Wiki jana nimepigwa ya pili. Na kikombe? Beshte yangu akija kwangu anachukua chochote kilicho karibu, na mimi namalizia chai aliyobakisha.