*TAARIFA YA TAWI KUHUSU VIJANA WETU WALIOKO VYUONI*



Tangu juzi kundi la tawi limejaa maneno juu ya kijana wa hapa Mang'ula aliyerudi nyumbani baada ya kudisko chuo. Kuna aliyeandika kwamba ni bangi. Kuna aliyeandika kwamba hela ya miwa ya mzee wake imeliwa bure. Wengine wakaweka vikatuni vya kucheka. Mama wa kijana huyo ni mwanachama wa tawi hili, analipa ada yake, na yumo humo kundini. Amesoma yote.

Uongozi wa tawi umekwenda kwake kumpa pole na kuongea na kijana. Tunaandika kwa sababu tuliyoyasikia pale hayafanani na mliyoyaandika.

Tuanze na hela, maana ndiyo mnayoisema sana. Bodi ya Mikopo inampa mwanafunzi shilingi 10,000 kwa siku ya chakula na malazi. Zamani ilikuwa 8,500, ikapanda 2022. Mtu wa hapa anayelima kibarua anaona elfu kumi kwa siku ni utajiri. Lakini bumu haliji kila siku. Linakuja kwa mafungu, tuseme ya siku 60, yaani laki sita. Asiyepata bweni anakwenda kupanga geto, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkononi. Chumba cha elfu hamsini kwa mwezi ni laki tatu, zimeondoka siku ya kwanza. Zinabaki elfu tano kwa siku: chai, mchana, usiku, nauli, kutoa kopi, na bando, kwa sababu kazi za darasani siku hizi zinatumwa mtandaoni. Hapo tunamzungumzia aliyepata mkopo, na fungu likawahi. Likichelewa wiki tatu, kijana anakwenda kwenye kausha damu ya kwenye simu, halafu bumu likiingia linaishia kulipa riba.

Na mzee wake amsaidie na nini? Vyuo vinafunguliwa Oktoba na Novemba. Mpunga wakati huo ndiyo kwanza tunatayarisha mashamba. Hela ya miwa inategemea shamba lako limevunwa lini na malipo yametoka lini. Kila mkulima humu anajua hilo, ila kwenye kundi mlijifanya mmesahau.

Kijana alianza kula mara moja kwa siku. Akaanza kulala mchana, kukosa vipindi, kuzima simu asiongee na mama yake kwa aibu. Akapata sapu tatu. Akashindwa kuzilipia akili kama ambavyo angeweza mtu aliyeshiba na kulala. Muhula mzima hakuna mtu mzima hata mmoja aliyemuuliza, "Mwanangu, una nini?" Tumemuuliza sisi, mwezi wa pili baada ya kufukuzwa.

Wapo wanaosema vyuo vina mshauri wa wanafunzi, mbona hakwenda? Tulimuuliza hilo pia. Alijibu kwamba ofisi ile ndiyo inayoitisha wanafunzi wenye makosa. Hapo ndipo penye tatizo, na si la chuo kimoja. Katika vyuo vingi mlezi na mwenye kiboko wanakaa mlango mmoja. Wewe ungekwenda kumwambia kwamba huingii darasani?

Linalozidi yote ni sheria. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 217, inasema mtu akijaribu kujiua ametenda kosa la jinai. Sheria hii ni urithi wa mkoloni. Maana yake kijana aliyefikia pabaya anajua kwamba akisema anaweza kukutana na polisi kabla ya kukutana na daktari, basi ananyamaza. Kenya walikuwa na kifungu kama hicho, cha 226, na Januari 2025 Mahakama Kuu yao ikatamka kwamba kinapingana na Katiba. Sisi bado tunacho.

Mzee mmoja ametuma sauti ya dakika nne akisema enzi zake watu walisoma Mlimani bila kubembelezwa. Tunamheshimu mzee wetu, ila atusimulie yote. Enzi hizo kabla ya uchangiaji gharama wa miaka ya 1990, serikali ilimpa mwanafunzi kitanda, chakula na posho. Alikuwa anaamka asubuhi anakuta chai. Huyo alibembelezwa kuliko wote, hakujua tu kwamba anabembelezwa. Wala tusiambiwe haiwezekani tena: mwaka 2017 pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam yalifunguliwa mabweni ya wanafunzi 3,840 kwa shilingi bilioni 10. Ilipotakiwa, iliwezekana.

Na sisi chama tusijitoe. Wakati wa uchaguzi tunawajua vijana hawa kwa majina: fulana, kofia, nauli ya mkutano. Kura zikishahesabiwa hatujui nani yuko Dodoma, nani yuko Mzumbe, nani yuko SUA. Tawi hili lina daftari la wanachama na daftari la michango. La wanafunzi hatuna.

Jambo jingine litawaudhi wachache, na liwaudhi. Ifakara pana chuo kikuu kishiriki cha afya, wanafunzi wanakuja kutoka nchi nzima kusomea udaktari. Baadhi yetu humu tuna vyumba kule tunawapangisha watoto hao, na tunadai miezi sita kamili. Halafu tunakuja kwenye kundi kumlaani mwenye nyumba wa Dodoma.

Kamati ya tawi imekaa na kuamua kupeleka haya ngazi ya kata na kwa mbunge, kwa maandishi: Bodi ya Mikopo itangaze tarehe za kila fungu kabla muhula haujaanza na izifuate, Tume ya Vyuo Vikuu isikipe chuo ithibati kama hakina mtaalamu wa ushauri nasaha aliye nje ya ofisi ya nidhamu, na kifungu cha 217 kipelekwe bungeni kifutwe. Tutaweka nakala hapa mjionee kama tumeandika kweli au tumepiga domo.

Kwa upande wetu, wenye vyumba Ifakara tunaombwa kupokea kodi ya mwezi mmoja mmoja kwa wanafunzi. Kila balozi wa mtaa alete majina ya vijana walioko vyuoni na namba ya mzazi. Kila kijana atapewa mwanachama mmoja wa kumpigia simu mara moja kwa wiki mbili, kumjulia hali tu. Asiulizwe matokeo.

Kikao ni Jumapili saa 10 jioni, ofisi ya tawi. Walioandika yale maneno wayafute, na wasioweza kuyafuta waende wenyewe kwa mama yule kabla ya kikao. Nyumba wanaijua.

_Katibu Mwenezi wa Tawi_
_Mang'ula_