Mzazi aulizwe kabla mtoto hajafundishwa uradi wa yoga

Mitihani ya kitaifa inapoanza kunukia, walimu wa shule za bweni katika nchi ya majani chai, kuanzia Kericho hadi Sotik na Bomet, hukabiliwa na swali ambalo hawakufundishwa chuoni: mtoto asiyepata usingizi kwa hofu ya karatasi ya hisabati asaidiwe vipi? Kiboko, ambacho hata hivyo hakikuwahi kumtuliza mtu, kilipigwa marufuku mwaka 2001. Washauri nasaha ni haba, na aghalabu mshauri mwenyewe ni mwalimu wa Kiswahili au wa Kilimo aliyeongezewa kazi hiyo bila kupunguziwa vipindi. Si ajabu basi kwamba wako wanaogeukia yale wanayoyaona katika simu zao, na miongoni mwa hayo ni uradi wa yoga iitwayo Kundalini.

Nimelichagua neno uradi kwa makusudi. Mtu wa pwani akishika tasbihi na kulirudiarudia jina la Mungu, husemwa kwamba anavuta uradi. Wahindi nao wana neno lao, mantra, yaani maneno machache matakatifu yanayorudiwa mpaka nafsi itulie. Lugha yetu, kwa hiyo, ilikwisha kulijua jambo hili kitambo, na hatuna sababu ya kulistaajabia kana kwamba limeshuka jana kutoka mwezini.

Zoezi lenyewe ni sahili. Mtu huketi wima, hufumba macho, kisha huimba silabi nne, sa, ta, na, ma, huku kidole gumba kikigusana kwa zamu na vidole vingine vinne. Huimba dakika mbili kwa sauti, mbili kwa mnong'ono, nne kimoyomoyo, halafu mbili tena kwa mnong'ono na mbili kwa sauti. Jumla ni dakika 12. Mimi nimelijaribu kwa siku 40, muda ambao wafuasi wake huupenda, hapa hapa Sotik, alfajiri kabla ya malori ya majani chai kuanza kunguruma. Pumzi hupungua kasi, mabega hulegea, na deni la chama cha akiba na mikopo hukaa kando kidogo. Halikuniponya maradhi wala halikunifunulia siri yoyote. Zaidi ya hapo sina la kudai.

Wataalamu nao wamelichungua jambo hili. Mwaka 2001 jarida la madaktari wa Uingereza, British Medical Journal, lilichapisha utafiti wa Luciano Bernardi na wenzake wa Italia. Waliwapima watu wazima 23 wenye afya njema waliosali Salamu Maria kwa Kilatini na waliotamka mantra ya Kibuddha ya Tibet. Kwa namna zote mbili, pumzi zilishuka hadi takriban sita kwa dakika, na mapigo ya moyo yakafuata mwendo huo. Ina maana kwamba mama anayesali rozari kanisani Kaplong anaweza kuupata utulivu ule ule anaotafutiwa kijana kwa silabi za Kihindi. Hata wazee wa Kipsigis wanapobariki, mmoja akitamka na wengine wakiitikia kwa pamoja, mwili huenda unanufaika vivyo hivyo, ingawa sijui daktari aliyewahi kuwapima.

Lakini watu wazima 23 si kidato cha nne. Huko Uingereza, utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2022 uliwahusisha wanafunzi zaidi ya 8,000 katika shule 85. Baadhi yao walifundishwa darasani namna ya kutuliza fikra, wengine wakaendelea na masomo yao ya kawaida. Tofauti ya maana katika afya yao ya akili haikuonekana. Hawakuimba mantra, ni kweli, ila yeyote atakayewaambia wazazi kwamba dakika 12 za sa, ta, na, ma zitapandisha alama anawauzia mbuzi kwenye gunia.

Tatizo zito zaidi ni asili ya uradi huu. Silabi hizo nne hutolewa katika maneno Sat Nam, Jina la Kweli, na walimu wa Kundalini huzifasiri kuwa mwanzo, uhai, mauti na kuzaliwa upya. Kundalini yenyewe huelezwa kuwa nguvu iliyojikunja kama nyoka chini ya uti wa mgongo, ikingoja kuamshwa. Mwambie hayo mzazi aliyelelewa katika Africa Gospel Church, ambaye nyoka anamjua kutoka kitabu cha Mwanzo, halafu umsikilize.

Na aliyeueneza uradi huu katika nchi za Magharibi ni nani? Ni Harbhajan Singh, aliyejulikana kama Yogi Bhajan, mtumishi wa forodha kutoka India aliyefika Amerika Kaskazini mwaka 1968 na kufariki mwaka 2004. Mwaka 2020 uchunguzi ulioagizwa na jumuiya zake mwenyewe ulihitimisha kwamba madai ya kuwadhulumu wanawake kingono yalikuwa na uwezekano mkubwa wa kuwa ya kweli. Silabi haziwi chafu kwa sababu ya kinywa kilichozitamka. Hata hivyo, mwalimu aliyekabidhiwa watoto wa watu hana ruhusa ya kulificha jambo kama hilo.

Isidhaniwe pia kwamba haya ndiyo mafundisho ya Wasikh jirani zetu. Mjini Kericho lipo hekalu lao kubwa lenye jina la Baba Puran Singh, aliyeishi mjini humo kabla ya kuhamia Uingereza, na mgeni wa dini yoyote hulishwa humo bila malipo. Wasikh hulikumbuka na kulirudia Jina la Mungu kama ibada. Guru Nanak, mwasisi wa imani yao, alijadiliana na wanayogi wa zama zake na kuzikosoa njia zao, na wengi wa Wasikh hukataa Kundalini ihesabiwe kuwa sehemu ya dini yao. Kwa hiyo anayeuita uradi huu zoezi tu la pumzi anawakosea Wakristo na Wasikh kwa pamoja.

Wamarekani walikwisha kulipitia suala hili. Mwaka 1979 mahakama ya rufaa ilikataza kufundishwa kwa tafakari ya mantra, ya mkondo mwingine wa Kihindi, katika shule za umma za New Jersey, ikisema ni dini. Jimbo la Alabama lilipiga yoga marufuku shuleni mwaka 1993; lilipoiruhusu mwaka 2021 liliacha mikao na kunyoosha viungo, likaendelea kukataza mantra, na likataka mzazi atie sahihi. Sisi tunayo Katiba ya 2010, ambayo kifungu chake cha 32 kinasema mtu asilazimishwe kutenda jambo lililo kinyume cha imani yake. Nanyi walimu mnajua: mwanafunzi wa bweni akiambiwa na naibu wa mwalimu mkuu afumbe macho na kuimba, hiari iko wapi?

Nitaulizwa mbona sala za Kikristo husaliwa gwarideni kila asubuhi na mtoto wa Kiislamu akanyamaza. Swali hilo ni la haki, na shule nyingi hazijalijibu vizuri. Lakini sala ile angalau hujitambulisha kuwa sala, na mzazi alipomleta mtoto alimjua mfadhili wa shule. Uradi wa yoga huja ukijiita afya.

Mwalimu anayetaka kuujaribu nyumbani kwake na aujaribu, ni mtu mzima. Darasani afundishe kupumua polepole bila neno lolote, jambo lisilohitaji guru wala ada. Aidha, waulizwe wakuu wa shule kuhusu kengele ya saa kumi alfajiri, kwani mtoto aliyelala saa tano usiku na kuamshwa saa kumi hana upungufu wa tafakari, ana upungufu wa usingizi. Na anayeamini kwamba uradi huo una faida isiyopatikana kwingine aliweke suala hilo kwenye ajenda ya mkutano wa wazazi, aeleze kila silabi ina maana gani na ilipitia kwa nani, kisha aketi awasikilize.