Kidonda cha kisukari na bakteria wa tumboni

Kidonda kidogo mguuni kwa mtu mwenye kisukari si cha kudharau. Kiatu kinachobana, au msumari uliokanyagwa bila kusikia maumivu, vinaweza kuleta donda ndugu, na donda ndugu likaishia kwa mguu kukatwa.

Sababu kubwa zinajulikana. Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu, mguu ukafa ganzi. Mishipa ya damu husinyaa, damu ikafika vidoleni kwa shida. Chembe nyeupe za damu, askari wa mwili, nazo hupungua makali.

Miaka ya karibuni watafiti wanaangalia pia bakteria waishio utumboni. Wako matrilioni, na wengi hawana madhara. Chakula chao kikuu ni nyuzinyuzi ambazo tumbo la binadamu haliwezi kuzisaga. Wakizichachusha hutoa asidi, mojawapo ikiitwa butireti, inayolisha ukuta wa utumbo na kusaidia kutuliza uvimbe mwilini.

Kwa wenye kisukari cha aina ya pili, bakteria wanaotengeneza butireti mara nyingi huwa pungufu. Ukuta wa utumbo ukidhoofika, vipande vya bakteria hupenya hadi kwenye damu, na kinga ya mwili hubaki vitani muda wote. Kidonda kinahitaji vita hivyo vipoe ndipo nyama mpya iote.

Hata hivyo, ushahidi mwingi kuhusu vidonda umetoka kwa panya wa maabara. Bado hakuna kidonge cha bakteria kinachochukua nafasi ya matibabu ya hospitali. Anayeuziwa dawa ya namna hiyo mtaani anapoteza fedha na, kibaya zaidi, anapoteza siku.

Nyumbani kuna ya kufanya. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Maharage, kunde, choroko, mboga za majani na tunda zima badala ya juisi husaidia kuzifikia. Antibayotiki zisinunuliwe kiholela, kwa kuwa huua hata bakteria wema. Lakini zikiandikwa na daktari, zimezwe kama alivyoelekeza.

Miguu ikaguliwe kila jioni, hasa nyayo na katikati ya vidole. Bibi asiyeweza kuinama amwite mjukuu amulike kwa tochi ya simu. Kikionekana kidonda, kioshwe kwa maji safi, kifunikwe kwa kitambaa safi, na mgonjwa aende kituo cha afya. Majivu na dawa ya meno visiguse hapo. Kukiwa na usaha, harufu, weusi au homa, asisubiri kesho.